Amani Amegoma

Masomo ya kutafakari: Mwanzo 2:18–20 na Mwanzo 16:1–14



Jumatatu iliyopita nilikuwa ofisini na mzee mmoja aliyetoka kijijini kuja kuzungumza nami juu ya ndoa ya binti yake. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya mazungumzo, mhasibu wetu akabisha hodi, akachungulia, akasema, "Samahani Mchungaji, Amani amegoma tena. Tangu asubuhi nambembeleza, hataki." Nikamwambia ampumzishe kidogo, nitakuja kumtazama. Mlango ulipofungwa, yule mzee akalaza fimbo yake sakafuni, akaniuliza kwa upole, "Huyo Amani ni mtoto wenu? Anaumwa nini?"

Nikamweleza kwamba Amani ni kompyuta ya mhasibu. Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ni mtu, maana mmemsema kama mtu." Hakusema kwa kulaumu. Aliokota fimbo yake tukarudi kwenye habari za binti yake. Lakini neno lile limekaa nami wiki nzima, nimelala nalo na kuamka nalo, na ndilo ninalowaletea leo.

Niwaeleze kwanza majina hayo yalivyokuja. Ofisi ya usharika wetu ina kompyuta nne, na kwa muda mrefu zilikuwa na majina ziliyopewa na programu yenyewe siku ya kuwekwa: neno DESKTOP, kistari, kisha mchanganyiko wa herufi na tarakimu saba. Ukifungua orodha ya mashine zilizo kwenye mtandao wa ofisi unaona mistari minne inayofanana, na nani akumbuke kama ya mhasibu ndiyo inayoishia na Q au ni ile inayoishia na 4? Mwaka juzi katibu alihifadhi orodha ya wagonjwa wa kutembelewa kwenye kompyuta ya mwenzake, akidhani ameiweka kwenye yake. Tuliitafuta siku mbili. Katika siku hizo kulikuwa na mama aliyelazwa hospitalini akitusubiri, na hatukwenda. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini aliponiuliza kwa nini hatukufika, sikuwa na jibu la kumpa mtu aliyetoka kitandani.

Baada ya hapo nilimwita kijana wetu mmoja anayesomea tehama. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mchungaji, zipeni majina mtakayoyakumbuka hata usingizini." Tukakaa watumishi wote, tukanywa chai, tukaamua kuchukua kwenye tunda la Roho kama Mtume Paulo anavyolitaja katika Wagalatia sura ya 5. Ya katibu ikawa Upendo. Ya shule ya Jumapili ikawa Furaha. Ya mhasibu ikawa Amani. Yangu ikawa Upole, na nakiri kwamba kila ninapoiwasha jina hilo hunikumbusha jambo. Katibu, ambaye mkono wake ni mwepesi wa kufuma, akafuma vitambaa vinne vya kufunikia vumbi, kila kimoja na herufi ya kwanza ya jina pembeni. Tangu siku hiyo hakuna orodha iliyopotea.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana waliokaa darasa la Kiswahili watanielewa upesi. Mwanzoni watumishi wetu walisema "Amani imegoma", "Upendo inafunguka polepole". Walikuwa bado wanafikiria kompyuta, na kompyuta ni kitu. Hakuna aliyewafundisha kubadili. Lakini tulipofika Kwaresma nilikuwa nasikia "Amani amegoma", "Upendo amechoka leo", "Furaha ameamka vizuri". Kile kiambishi kidogo, a-, ndicho tunachowapa watu, na wanyama, na malaika. Mungu mwenyewe tunamsema kwa hicho. Jembe hatulipi, hata liwe limetulisha miaka thelathini. Kompyuta yetu ilipewa jina, na jina likaipandisha ngeli, na sisi hatukutambua hadi mgeni kutoka kijijini alipouliza Amani anaumwa nini.

Nimejisomea kidogo juu ya jambo hili, na nimeona kwamba lina umri mrefu kuliko nilivyodhani. Kule Manchester, Uingereza, mashine iliyoendesha programu iliyohifadhiwa ndani yake kwa mara ya kwanza, tarehe 21 Juni 1948, waliiita Baby, yaani mtoto mchanga, ingawa ilijaza chumba. Mwaka 1951 kampuni ya J. Lyons iliyokuwa na migahawa ya chai London iliwasha kompyuta yake ya kazi za ofisi, ikaiita LEO. Lilikuwa jina lililofupishwa kutoka jina refu la Kiingereza lenye maana ya ofisi ya kielektroniki ya Lyons, lakini nani miongoni mwetu atakayelisoma bila kuiona siku hii tuliyonayo? Hata lugha yetu ilihangaika kuipa mashine hii jina. Wako wanaosema tarakilishi, wako waliojaribu ngamizi, na wengi wetu tumebaki na kompyuta.

Mtandao ule uliozaa intaneti, ulioanza Marekani mwaka 1969, ulipokuwa bado mdogo, majina ya kompyuta zake zote yaliandikwa katika faili moja. Faili hilo lilitunzwa Menlo Park, California, katika ofisi iliyosimamiwa na mwanamke aitwaye Elizabeth Feinler tangu 1972 hadi 1989. Aliyetaka mashine yake ijulikane aliwasiliana na ofisi ile, jina likaandikwa, na wengine wote wakanakili orodha mpya. Napenda kuiwaza ofisi hiyo. Mashine zenyewe zilitosheka na namba. Walioshindwa kukumbuka namba walikuwa watu. Orodha ilipozidi kukua, Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 utaratibu wa kugawanya majina hayo, na ndio huo unaotufikisha hadi leo kila tunapoandika anwani ya tovuti.

Halafu Agosti 1990, mhandisi Don Libes akaandika waraka mfupi wa ushauri kuhusu kuchagua jina la kompyuta. Ni waraka namba 1178 katika mfululizo wa nyaraka za wahandisi wa intaneti, na mimi nimeusoma kama mtu anayesoma waraka wa kichungaji. Usiipe kompyuta jina lako mwenyewe, anasema, hata kama iko mezani kwako. Usiipe jina la mradi inaoufanyia kazi sasa. Epuka majina ya kuudhi watu. Chukua majina ya jamii moja, kama rangi au maua. Na usitumie neno la kila siku, kwa kuwa watu watachanganyikiwa.

Hilo la mwisho tulilivunja bila kulijua. Asubuhi moja katibu alipaza sauti kutoka chumbani kwake, "Upendo amekufa, hawaki kabisa!" Nje kwenye benchi alikuwa ameketi mjane aliyekuja kuleta sadaka ya shukrani, na katika familia yake yuko binti mwenye jina hilo. Aliinuka ameshika kifua. Tulimpa maji, tukamwomba radhi, naye akatusamehe kwa moyo mweupe. Laiti ningekuwa nimeusoma waraka wa Libes mapema.

Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuniuliza kama kuipa mashine jina si hatua ya kwanza ya kuelekea sanamu, zile ambazo Zaburi ya 115 inasema zina vinywa na hazineni. Ni swali la haki, na nilimjibu hivi. Isaka alichimba visima katika bonde la Gerari, na visima ni vyombo vya kazi. Alivipa majina. Cha kwanza aliita Eseki kwa sababu wachungaji wa Gerari waligombana na wake. Cha pili Sitna, kwa uadui. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana alikuwa amewapa nafasi. Mtu akipita na kuyasikia majina hayo matatu, amesikia maisha yote ya Isaka katika bonde lile. Samweli naye alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, na hakuliabudu.

Na sisi hapa kwetu tumezoea hivyo. Mashua za pwani zina majina, daladala zina majina. Meli ya Ziwa Tanganyika tunayoiita Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la gavana Mjerumani, ikaletwa vipandevipande hadi Kigoma, ikazamishwa 1916 vitani, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba, ambalo watu wa kusini mwa ziwa walikuwa wakiliitia ziwa lao. Chuma ni kilekile. Lakini meli iliyotumika vitani ikawa meli ya akina mama wenye madumu ya mawese na dagaa. Jina jipya lilikwenda na kazi mpya.

Kwa hiyo sioni dhambi katika kitambaa kile chenye herufi A. Kitu chenye jina hutunzwa. Nimeona kwa macho yangu: tangu kompyuta zetu zipate majina hakuna anayeweka kikombe cha chai juu yake, na mhasibu huzima ya kwake taratibu kila jioni, hata umeme ukiwa unacheza na kila mtu anakimbilia basi.

Wataalamu wakubwa wa mambo haya siku hizi wanafundisha kinyume. Tangu mwaka 2012 au karibu na hapo umeenea msemo miongoni mwao kwamba seva za zamani, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, zilitunzwa kama paka wa nyumbani, kila mmoja na jina lake, akiugua anauguzwa. Lakini seva za sasa, ambazo kampuni moja huweza kuwa nazo maelfu, zitunzwe kama ng'ombe. Zipewe namba. Moja ikiugua, iondolewe na nyingine iwekwe mahali pake. Kwa mashine naona ushauri huo ni mzuri, maana hakuna mtu awezaye kuuguza seva elfu kumi. Ila waliotunga msemo huo hawakuwahi kusimama kwenye lango la boma jioni.

Mimi nimesimama. Katika lugha yetu neno mchungaji ni la madhabahuni na la malishoni, na nilipokuwa mchungaji kijana nilitumwa Longido, kwa ndugu zetu Wamaasai, ambako nilikutana na wachungaji wa kweli. Jioni moja nilisimama na mzee wa usharika wakati ng'ombe wake wakiingia. Walizidi mia. Mimi nilianza kuhesabu kwa vidole nikapotelea njiani, vumbi limenijaa machoni. Yeye hakuhesabu. Alitazama tu, mikono juu ya fimbo, na wa mwisho alipoingia akasema, "Hayupo yule mwekundu mwenye doa jeupe begani, binti wa yule aliyekufa kwenye ukame wa 2009." Akawatuma vijana wawili. Walimkuta korongoni, mguu umenasa kwenye mawe, wakamrudisha usiku. Sikuwahi tena kuhubiri juu ya Yohana sura ya 10, yule mchungaji awaitaye kondoo wake kwa majina, bila kumwona mzee huyo pale langoni.

Basi nilikuwa nimefikia hapo katika kuandaa tafakari hii, na nilidhani nimemaliza: jina huzaa matunzo, tuzipe kazi zetu majina, Amina. Lakini neno la yule mzee wa Jumatatu lilikuwa bado linanisumbua, nikarudi Mwanzo sura ya 2 na kuisoma polepole.

Tunaikumbuka vizuri ile sehemu ya Adamu kuwapa wanyama majina. Tunasahau ilianzaje na iliishaje. Inaanza na Mungu kuona kwamba si vema mtu awe peke yake. Ndipo anamletea wanyama wa mwituni na ndege wa angani, mmoja mmoja, aone atawaitaje. Adamu anawaita wote. Na mwisho wa kazi hiyo kubwa Biblia inasema kwamba hakuonekana hata mmoja wa kumfaa. Kwa hiyo kuwapa majina ndiko kulikomfundisha. Alimtazama kila kiumbe kwa karibu kiasi cha kumpatia jina, na kwa kutazama hivyo akajua: huyu ni twiga, huyu ni kanga, na katika hawa wote hakuna wa kukaa nami nikamweleza yaliyo moyoni. Jina lilimsaidia kujua mpaka. Sisi wa ofisi ile tumelitumia jina kuusahau.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT kule Marekani, alichapisha habari za programu aliyoitunga, akaipa jina la binti: ELIZA, kwa kumfuata Eliza wa tamthilia ya George Bernard Shaw. Ilikuwa ikijibu kama daktari wa nafsi. Uliandika kwamba una huzuni, nayo ikayageuza maneno yako yakawa swali na kukurudishia. Haikuelewa chochote. Weizenbaum mwenyewe anasimulia kwamba katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi na akijua vizuri kwamba ni programu tu, aliketi mbele yake siku moja, akaandika maneno machache, kisha akageuka na kumwomba yeye atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Jambo hilo lilimshtua Weizenbaum, na mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuwaonya watu. Alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi iliyoikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1936, na nafikiri alijua kwa nini ni lazima mtu na kitu visichanganywe.

Kisa hicho kimesimuliwa duniani kote kwa miaka mingi. Kila anayekisimulia anataja jina la mashine. Yule dada aliyekuwa na jambo la kusema na hakuwa na wa kumwambia, anatajwa kama "katibu muhtasi".

Na hilo si la Wamarekani peke yao. Jirani zetu wa Kenya wanakumbuka kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba hati yenye namba yake, alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, nayo ilitiwa katika kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Akienda kazini, namba. Jikoni kwa bwana aliitwa "boi", hata akiwa na wajukuu. Na mara nyingi mbwa wa nyumba hiyo alikuwa na jina zuri lililotamkwa kwa upendo kila jioni.

Ndiyo maana nimewapa somo la pili wiki hii, habari za Hajiri. Isomeni wenyewe, mwangalie nani anasema nini. Sarai anapomtaja kwa mumewe, anasema mjakazi wangu. Abramu anapojibu, anasema mjakazi wako. Katika mazungumzo ya nyumba ile, iliyokuwa nyumba ya imani, jina lake halitoki kinywani mwa yeyote. Anatumwa, anatumiwa, anaonewa, anakimbia. Yuko jangwani kwenye chemchemi ya njia ya Shuri, ana mimba, ndipo malaika wa Bwana anamkuta na kumwita: Hajiri. Kisha anamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, maswali ambayo hatusomi kwamba mtu yeyote wa nyumba ile aliwahi kumuuliza. Na mwanamke huyo aliyeitwa kwa jina akamwita Mungu naye kwa jina, Mungu anayeona. Mtumwa wa kigeni ndiye wa kwanza katika Maandiko kufanya hivyo, na kile kisima kikabaki na jina lililotokana na neno lake. Miaka mingi baadaye Isaka, mchimba visima, alikuja kukaa karibu na kisima hichohicho.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, wapendwa, kwa sababu nilijua ninakoelekea.

Katika ofisi yetu kuna mama anayefanya usafi. Ni yeye anayeinua vile vitambaa vinne kila asubuhi, akafuta kompyuta moja moja kwa tambara lenye unyevu kidogo, akavirudisha vitambaa kwa namna kwamba ile herufi ikae mbele. Yuko nasi mwaka wa sita. Jumanne nilikaa kimya nikasikiliza tunavyosema. Nilisikia, "Usafi umeshapita huku?" Nilisikia, "Mwambieni usafi maji yamemwagika koridoni." Nikafungua daftari la mali. Amani ana ukurasa wake: tarehe aliyonunuliwa, siku feni iliposafishwa, siku betri ya ndani ilipobadilishwa, jina la ugonjwa wa kila mara. Nikafungua daftari la matumizi madogo nikamtafuta yule mama. Kila mwisho wa mwezi, kwa mwandiko wa mhasibu na sahihi yangu chini yake, mwezi baada ya mwezi kwa miaka sita: "Usafi – posho." Mashine tuliipa kiambishi cha watu. Mtu tukampa cha vitu. Na anayetia sahihi pale ni mimi, niliyefundishwa uchungaji kwenye lango la boma la Longido.

Jumatano niliwahi. Nilimkuta chumba cha mhasibu, ndoo mlangoni, mlango wazi upepo upite. Akanisalimu, "Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji." Nikaitikia, kisha nikamwambia, "Mama, nimekuja kukuomba radhi. Miaka sita uko nasi na sijawahi kukuuliza jina lako. Nikuite nani?"

Aliweka tambara kwenye ukingo wa ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga, pande zote mbili, polepole. Akanitajia jina lake la ubatizo. Akanyamaza. Halafu akasema, "Lakini kwetu wananiita Mama…" akataja jina la mtoto. Ni mwanawe wa kwanza, wa kiume. Alifariki akiwa darasa la pili. "Kule kijijini bado wananiita kwa jina lake," akasema. "Hapa mjini hakuna anayelijua. Ilifika mahali nilikuwa nalitamka mwenyewe nikiwa peke yangu humu ndani, nisije nikalisahau linavyosikika."

Tulisali palepale, tumesimama kati ya meza na ndoo. Nilimwombea kwa jina lake, na nililitaja la mwanawe, na alilia, nami nililia.

Hatujaziondolea kompyuta majina. Mafundi walikuja Alhamisi, wakakuta kifaa cha umeme cha Amani kimeungua, wakaweka kingine, na sasa inafanya kazi. Naandika "inafanya" kwa makusudi, na nimewaomba watumishi wenzangu tujizoeze hivyo, ingawa ulimi unakataa. Daftari la matumizi madogo limesahihishwa, na Jumapili ijayo ndani ya ibada nitaomba radhi mbele ya usharika wote, maana kosa lilifanyika kwa fedha ya sadaka zenu.

Nawasihi ninyi mnaosoma hili, mlio maofisini, viwandani, mashuleni, hospitalini, na mlio na wasaidizi wa kazi majumbani. Wiki hii chukueni siku moja mjisikilize. Andikeni kwenye karatasi majina ya vitu mnavyovitaja kwa upendo, gari, simu, mashine, mbwa. Upande wa pili andikeni majina ya watu wanaowafungulia geti, wanaowapikia chai, wanaofagia mnapokanyaga. Pale patakapobaki nafasi tupu, nendeni mkaulize. Msimtume mtu.

Nilimwomba yule mama ruhusa ya kuandika jina lake katika tafakari hii, ili mjue kumsalimu mkija ofisini. Alifikiri kidogo huku akinyoosha kitambaa cha Amani. "Usiliandike, Mchungaji," akasema. "Anayelitaka aje aniulize."

Huwa anafika saa kumi na mbili kasorobo asubuhi.